Mfuko wa Ndani wa Shati

Zamani, Ubungo jijini Dar es Salaam ilipokuwa bado stendi ya mabasi ya mikoani, mama yangu alikuwa akituma bahasha Iringa kwa mkono wa kondakta. Hakumpa tu akaondoka. Alisubiri kondakta aipokee, asome jina lililoandikwa juu, aigeuze kuona namba ya simu, halafu aiweke mahali. Akiitupia kwenye dashibodi, mama aliidai arudishiwe. Akiitia mfuko wa ndani wa shati na kusema, "Imefika hiyo, mama," basi mama alishusha pumzi, tukapanda daladala kurudi nyumbani. Injini haijawashwa, abiria bado wanagombania viti, na mtu anasema imefika. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba hakuwa akidanganya. Alikuwa akisema: kuanzia sasa isipofika, usimuulize mwingine.

Leo ninasimamia seva za barua pepe, na neno la kondakta yule naliona mara maelfu kwa siku. Kwenye logi limeandikwa kwa tarakimu tatu: 250.

Seva mbili zinapopelekeana barua huzungumza, na mazungumzo yao ni maandishi matupu ambayo mtu anaweza kuyasoma, hata kuyachapa kwa vidole vyake mwenyewe. Jonathan Postel aliyaweka kwenye waraka wa Agosti 1982 uliopewa namba 821. Umerekebishwa 2001 na tena 2008, lakini aliyejifunza mwaka 1982 angeweza kukaa mbele ya seva ya leo na wakaelewana. Mwenyeji huanza kwa 220, nipo. Mgeni hutaja jina lake. Husema barua inatoka kwa nani, anajibiwa 250. Husema inakwenda kwa nani, 250 tena. Huomba kutoa yaliyomo, anajibiwa 354, haya toa. Kisha barua yote inapita, mstari kwa mstari, hadi mwisho wake ambao ni nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari mzima. Baada ya nukta hiyo pananyamaza kidogo. Halafu inakuja 250 ya mwisho, na hiyo ndiyo yenyewe.

Seva iliyotamka 250 baada ya nukta imeibeba barua ile shingoni. Ama itaifikisha, ama itamrudishia mwenyewe taarifa kwamba imeshindikana na sababu ni hii. Kuipoteza kwa sababu umeme umekatika au mashine imejizima hakuruhusiwi. Upande wa pili, ukishalisikia neno hilo, una haki ya kufuta nakala yake na kuendelea na mambo mengine, na hufanya hivyo mara moja. Kwa hiyo ulimwenguni kote, kila dakika, kuna barua ambazo zimebaki mahali pamoja tu: mikononi mwa seva iliyokubali kuzipokea.

Ndiyo maana kile kimya cha baada ya nukta nakipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii. Katika Postfix, programu ninayoitumia, wakati ule barua inaandikwa kwenye diski, na mfumo wa kompyuta unalazimishwa uhakikishe imekaa kwenye diski yenyewe, isiwe inaelea kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Ikishakaa, ndipo 250 inatamkwa. Umeme ukikatika sekunde moja kabla, aliyeleta hajasikia kitu na atarudi baadaye kujaribu upya. Pengine barua itafika mara mbili, na hilo linavumilika. Walioibuni njia hii walipima pande zote mbili wakaamua bora mtu apate nakala mbili kuliko akose moja. Mfuko wa ndani kwanza, ahadi baadaye.

Postfix aliiandika Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa kwenye maabara ya utafiti ya IBM kule New York, ikatolewa kwa umma mwishoni mwa 1998. Wakati huo barua nyingi za dunia zilipita kwenye Sendmail ya Eric Allman, programu moja kubwa iliyofanya kila kitu ikiwa na mamlaka yote ya mashine, hivyo penye tundu moja mwizi aliingia nyumba nzima. Venema aliigawa kazi. Ukitaka kuielewa Postfix, kumbuka jiko la shughuli. Kuna anayepokea mizigo mlangoni, na huyo hana ufunguo wa stoo. Kuna anayechambua mchele. Kuna anayesimamia moto, kuna anayepakua, kuna anayebeba masinia kwenda kwa wageni. Kila mmoja anajua kazi moja, na akivurugwa mmoja wali hauungui. Anayepokea kutoka nje anaitwa smtpd. Anayeiweka barua sawa na kuiandika kwenye foleni ni cleanup. Msimamizi wa foleni ni qmgr. Anayetoka kwenda kubisha milango ya watu ni smtp. Nimekaa mbele ya logi zao miaka mingi kiasi kwamba nikiona jina moja limekosekana katika mfuatano, nalijua pengo kabla sijajua ni la nini.

Kusanidi, kwa mtazamo wangu, ni kazi ya kupunguza. Anayeanza huchukua faili la mwenzake lenye mistari mia na ushee, akabandika, ikafanya kazi, akaogopa kugusa. Postfix ina mamia ya vipimo, na karibu vyote vimeshawekwa vizuri na mwenyewe. Ipo amri, postconf -n, inayokuonyesha yale tu uliyoyabadilisha wewe. Mimi humwomba fundi mpya anisomee matokeo yake mstari mmoja mmoja na aniambie kila mmoja uko pale kwa nini. Asiokuwa na jibu lake, tunaufuta. Mstari mmoja ndio siuchezei kamwe: mynetworks, unaosema ni nani wanaoruhusiwa kuitumia seva hii kutuma nje. Ukikosea tarakimu pale umeifungulia dunia mlango, na kabla hakujapambazuka seva yako itakuwa inabeba barua taka za watu usiowajua, zikiwa na jina lako.

Kuna jambo moja la Postfix ambalo nikilieleza kwa watu wa nyumbani wanalielewa haraka kuliko wanafunzi wa kompyuta. Nimesema mwenyeji ndiye anayeanza. Mgeni mwenye adabu hungoja asikie 220 ndipo aseme. Lakini mashine zilizoambukizwa, zile zinazomwaga barua taka kwa mamilioni, zina haraka. Zinafika na kuanza kubwabwaja kabla hazijaitikiwa. Basi mwaka 2011 Postfix iliongezewa mlinzi wa mlango anayeitwa postscreen. Hutoa nusu ya salamu, mstari wenye 220 na kistari kinachoonyesha kwamba kuna maneno bado yanakuja, kisha hukaa kimya sekunde sita. Anayejua mila hungoja. Asiyejua hujitosa, na hapo ameshajulikana. Barua yake haijasomwa hata herufi moja, hakuna aliyepima maneno yake. Amejitambulisha kwa kukosa subira mbele ya salamu. Bibi yangu alikuwa akiwapima wageni hivyo hivyo. Mtu aliyepita kizingiti kabla ya kusikia "karibu" hakuhitaji kuulizwa amefuata nini.

Subira ndiyo iliyojengwa ndani ya kazi hii kila mahali. Majibu yanayoanzia na 5 maana yake haiwezekani, usirudi. Yanayoanzia na 4 maana yake si sasa, rudi baadaye. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inastahili heshima kubwa, kwa sababu 4 inamruhusu mtu kuwa na shida bila ya kuharibu mambo ya mwenzake. Diski imejaa, jina halijapatikana, mashine iko kwenye matengenezo: 4, na barua inangoja. Postfix hujaribu tena baada ya kama dakika tano, ikishindikana huzidisha nafasi taratibu hadi zaidi kidogo ya saa moja kati ya jaribio na jaribio, na huendelea hivyo siku tano kabla ya kukata tamaa na kumwandikia mwenye barua.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Simu zilibaki zikizunguka tu. Niliingia kwenye seva, nikaandika postqueue -p, nikaitazama foleni ikirefuka: barua za nje, moja chini ya nyingine, kila moja na maelezo yake kwamba upande wa pili hauitikii. Fundi mdogo niliyekuwa naye alitaka tuisukume foleni yote itoke kwa nguvu. Nilimzuia. Kuisukuma foleni wakati njia imefungwa ni kuwaamsha wasafiri wote usiku wa manane na kuwapanga nje ya basi lisilo na gurudumu. Unawachosha, na asubuhi watakuwa palepale. Tulifanya mawili tu. Tuliongeza siku tano zikawa kumi, tusije tukarudisha barua ambazo zingefika. Halafu tuliwaandikia wafanyakazi wote: barua zenu zipo, msizitume upya. Baada ya hapo kazi ilikuwa kukaa mbali na kibodi, na hiyo pia ni kazi. Njia nyingine zilipopatikana, foleni ilianza kupungua yenyewe, kwa utaratibu wake. Hakuna aliyepiga simu kushukuru, kwa kuwa hakuna aliyepotelewa na kitu.

Lakini siku nyingi si za mikongo. Siku nyingi ni mtu mmoja amesimama mlangoni.

Mhasibu wetu hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuja saa nne asubuhi na daftari lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Barua zangu fupi zinafika. Ndefu hazifiki."

Nilimuuliza ndefu kiasi gani. Alifungua daftari. Alikuwa ameziandika zote za wiki ile. Alizojibu kwa simu, maneno mawili matatu, zote zilipata majibu. Alizotuma kwa kompyuta ya ofisini, zenye ankara na nembo ya ofisi chini, hakuna iliyojibiwa. Wenzake walishamwambia kompyuta yake imechoka. Zilizokuwa zinaingia, alisema, zinaingia vizuri tu, hata kubwa.

Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba barua haijui ufupi wala urefu. Kompyuta ingebadilishwa, wiki nyingine ingepita. Badala yake nilimwomba anwani moja na saa aliyotuma, nikaitafuta kwenye logi. Postfix huandika, kwa kila jaribio, namba nne zilizotenganishwa kwa mikwaju: muda kabla msimamizi wa foleni hajaichukua barua, muda mikononi mwake, muda wa kuunganisha, muda wa kukabidhi. Tatu za mwanzo zilikuwa ndogo, za kawaida. Ya nne ilikuwa sekunde mia na themanini na kitu. Na maelezo: muda umekwisha wakati wa kutuma kiwiliwili cha barua. Maana yake salamu zilipita, jina la mtumaji likapita, la mpokeaji likapita, ruhusa ikatolewa, 354. Kisha barua yenyewe ikaanza kwenda, na dunia ikanyamaza. Postfix ikangoja sekunde zake 180 kama ilivyoagizwa, ikairudisha kwenye foleni. Hapakuwa na mwenye kuikataa. Ilikuwa inatumbukia mahali.

Wiki ile ile seva ya barua ilikuwa imehamishiwa kwenye laini mpya. Nikajaribu kwa mkono: nikatuma ping, pakiti ya kupima njia, ya baiti 1472, ambayo pamoja na kichwa chake inatimiza 1500, ukubwa wa juu wa kawaida wa pakiti, nikaizuia isikatwe vipande njiani. Kimya. Nikapunguza. Kimya. Nikapunguza tena. Kwenye 1372 ikajibu. Laini mpya ilikuwa ikipita ndani ya bomba jembamba zaidi, la baiti 1400. Pakiti zinazozidi hapo zilikuwa hazipiti, na kwa kawaida hilo si tatizo, kwa sababu kifaa kilichopo kwenye bomba humrudishia mtumaji kikaratasi kidogo: mzigo wako mnene, punguza. Mtumaji hupunguza na maisha yanaendelea. Vile vikaratasi vilikuwa vikifika hadi kwenye fayawoli yetu na kutupwa. Sheria ya kuvitupa niliiandika mimi, miezi mingi nyuma, siku niliyotaka kuifunga seva isichunguzwe na watu wa nje. Niliruhusu majibu ya ping, nikafuta kila kingine cha jamii ile bila kusoma kimoja kimoja kina kazi gani. Maneno mawili matatu ya kutoka kwenye simu, pamoja na vichwa vyake vyote, yalikuwa yanaenea ndani ya pakiti moja chini ya 1400. Ankara hazikuenea. Mama yule alikuwa amepima upana wa bomba kwa daftari na kalamu.

Niliifuta ile sheria, na kwenye ruta nikaweka agizo la kupunguza ukubwa wa pakiti kabla hazijaanza safari. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba kosa lilikuwa langu. Aliuliza jambo moja tu: zile za wiki nzima, je? Nilimwonyesha foleni. Zilikuwa zimo, zile ambazo siku zao tano hazijatimia. Mbili zilikuwa zimeshatimiza na taarifa ya kushindikana ilikuwa kwenye sanduku lake, kwa Kiingereza cha mashine ambacho mtu yeyote angekipita akidhani ni barua taka. Tangu siku ile taarifa hizo kwetu zinatoka kwa Kiswahili, na barua ikichelewa saa nne mwenyewe anaambiwa. Postfix inaruhusu yote mawili. Sikuwa nimewahi kuyaona kuwa muhimu.

Mafundi wa barua duniani wana kisa chao kikubwa cha namna hii. Trey Harris, aliyekuwa msimamizi wa mifumo katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, alikisimulia mwaka 2002. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu akasema hawawezi kutuma barua pepe mbali zaidi ya maili 500. Mtu mwingine angekata simu. Harris alijaribu, akakuta ni kweli. Mtu alikuwa amesasisha mfumo wa mashine, na kwa kufanya hivyo akairudisha Sendmail ya zamani isiyoyaelewa maagizo mapya. Muda wa kungoja muunganisho ukawa sifuri, ambayo kwa mashine ile ilimaanisha zaidi kidogo ya sehemu tatu za elfu moja za sekunde. Katika muda huo mwanga unasafiri maili 558, kama kilomita 900. Kutoka Dar es Salaam kwa mstari wa ndege ungefika Mwanza, usingefika Kigali. Kila nikikikumbuka kisa hiki namfikiria yule mkuu wa idara, aliyekuja na vipimo vyake badala ya kusema tu haifanyi kazi. Na namfikiria mhasibu wetu.

Wapo wanaoniambia kazi hii imekwisha, tuwaachie kampuni kubwa. Nawaelewa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai, kwa wanaotuma barua nyingi, kila kitu kiwe kimetimia: orodha ya seva zinazoruhusiwa kubeba barua za jina lako, muhuri wa DKIM juu ya kila barua, na tamko la wazi la nini kifanyike kwa barua isiyokuwa navyo. Jina la seva lazima lilingane na namba yake ukilitafuta mbele na ukilitafuta nyuma. Ufunguo wa muhuri kwa kawaida ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoenea kwenye kamba moja ya DNS, daftari la majina ya mtandao, hivyo lazima ukatwe vipande, na ukisahau alama moja ya kufunga, mihuri yote ya ofisi inakataliwa. Seva ndogo yenye kila kitu sawasawa bado inaweza kutiliwa shaka kwa sababu tu ni ngeni. Nimeyapitia yote, na sidai ni mepesi.

Ninachojua ni kwamba siku moja mtu atasimama mlangoni na kuuliza, barua yangu iko wapi? Na mimi naweza kumjibu: ilipokelewa kwetu saa nne na dakika kumi na nne, ikakaa kwenye foleni nusu sekunde, ikapokelewa na seva ile, na seva ile ilisema maneno haya, haya hapa yasome. Jibu hilo lina thamani kwa ofisi, kwa hospitali, kwa mahakama, kwa chama cha ushirika kinachongoja oda ya kahawa. Nataka katika kila mji wetu awepo japo mmoja anayeweza kulitoa.

Jioni ya siku ile ya daftari, mhasibu hakwenda nyumbani. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, akaniomba nimwonyeshe moja ikitoka. Tukachagua ankara ya Jumatatu. Logi ilipanda taratibu. Qmgr aliitoa kwenye foleni, smtp akaenda kubisha, namba nne zikatokea, ya kwanza kubwa kwa siku ilizongoja, tatu zilizobaki ndogo, na upande wa pili kabisa wa mstari, ndani ya mabano, maneno ya seva ya watu: 250. Chini yake Postfix ikaandika mstari mmoja zaidi, ule mfupi kuliko yote, ambao huuandika pale tu inapoifuta nakala yake kwenye diski kwa kuwa haina tena deni kwa yeyote. Neno lenyewe ni removed.

"Hapo inasemaje?" aliuliza.

"Imefika hiyo, mama."